Kabirika kekundu

Nilikuwa nimeshapita daraja la Ruvu naitafuta Vigwaza, mdogo wangu kalala siti ya mbele mdomo wazi, mbele yangu kuna lori la mbao linapanda taratibu kama lina kesi mahakamani, nikakanyaga mafuta nilipite, na katika kule kukanyaga ndo nikaona kitu kinanikonyeza kwenye dashibodi. Kikawaka, kikapotea. Nikasema macho. Kikawaka tena, safari hii kikakaa sekunde kama mbili. Kabirika kekundu kanakodondosha tone moja mdomoni, ile taa ya oili.

Naomba niwe mkweli kwa sababu hii ni blogu yangu na hakuna wa kunichapa, nilifanya kile ambacho wengi mnaosoma hapa mngefanya, nilijiambia nitafika Chalinze nikaangalie. Nikapunguza spidi, taa ikazima, nikafurahi. Dakika tatu mbele ikarudi na safari hii haikukonyeza, ikakodoa. Nikamwamsha mdogo wangu nikamwambia mpigie mjomba.

Mjomba wangu kaendesha malori miaka mingi kabla macho hayajaanza kumsumbua, sa hivi kastaafu yuko Morogoro anafuga kuku na anatoa ushauri. Tulikuwa tunaenda kwake. Simu ikawekwa spika, nikasema shikamoo mjomba, kuna taa nyekundu ya oili imewaka, tupo karibu na mizani ya Vigwaza, sijui nije nayo hivo hivo au...

"Zima."

"Mjomba hapa hakuna hata kivuli."

"Marahaba, zima. Kivuli utakuta nyumbani. Zima gari mama, usipaki kwanza ndo uzime, zima huku inaserereka."

Nikazima. Usukani ukawa mzito ghafla na breki zikawa ngumu, hilo nalo mjue, injini ikizimwa gari ikiwa kwenye mwendo msaada wa usukani unaondoka na wa breki nao unaisha ukishakanyaga mara chache, kwa hiyo shika kwa nguvu na funguo usiizungushe mpaka mwisho usukani ukajifunga. Tukaingia pembeni, mdogo wangu akaenda kukata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, pembetatu tunayo ila ipo chini ya mizigo yote ya send-ofu ya binamu.

Gari yenyewe ni IST ya 2004, injini 1NZ, ile ya lita 1.5, inayobeba wengi wanaoendesha wenyewe hapa Dar. Mjomba akasema subiri dakika tano oili ishuke, vuta dipstiki, yani kijiti cha kupimia oili, futa, rudisha, vuta tena, niambie. Nikafanya. Oili imejaa, ipo juu kabisa kwenye alama ya ful, na rangi yake wala sio mbaya. Nikampigia kwa furaha, mjomba oili ipo! Akakaa kimya kidogo. Akasema hapo sasa ndo pabaya, ingekuwa imepungua ningekwambia ongeza.

Na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa naamini ile taa inasema oili imeisha. Haisemi hivo. Kijiti kinakuambia oili ni kiasi gani kwenye sampo, lile karai la chini ya injini, taa nyekundu inakuambia oili inasukumwa kwa nguvu gani huko juu, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Unaweza kuwa na simtanki imejaa mpaka inamwagika na bado bombani maji hayatoki, si ndiyo? Injini iko hivo hivo. Chini kuna sampo ambayo kwenye 1NZ unaijaza lita 3.7 hivi ukibadilisha na filta, ndani ya sampo kuna strena, yani mdomo wenye wavu, pampu inanyonya kupitia huo mdomo inapitisha kwenye filta halafu inasambaza kwenye metali, yani zile beringi zinamozungukia shafti, metali za kreshafti, metali za konrodi, juu kwenye kemshafti, na kwenye VVT-i, ule mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, ambayo nayo inatumia presha ya oili hiyo hiyo kufanya kazi. Pampu yenyewe haitengenezi presha, inasukuma tu, presha inatokea kwa sababu ule mzigo wa oili unalazimishwa kupenya kwenye nafasi nyembamba sana kati ya metali na shafti. Na ile filimu ya oili hapo katikati ndo inafanya chuma kisiguse chuma. Ikikosekana chuma kinagusa chuma, metali zinaungua, injini inanoki, na hapo unaanza kusikia neno kushusha injini, au unaambiwa nunua nyingine ya kutoka Japan, na wewe ulikuwa unaenda send-ofu tu.

Tukakaa pale kama dakika ishirini na tano. Mjomba aliniambia nitafute brekidauni. Mimi nikawasha.

Taa ikazima! Injini imetulia, haigongi, haina kelele yoyote. Nikamuangalia mdogo wangu, akaniangalia. Tukaondoka kwa hamsini mpaka Chalinze, na ilikuwa kamari, sikushauri uicheze, mjomba mwenyewe nilimwambia siku tatu baadaye.

Chalinze tukapata fundi kijana, mchangamfu, hata bonnet haijafunguka akasema dada hiyo sensa tu, hizi IST ndo ugonjwa wake. Akaingia chini, akachomoa, akafunga nyingine, kazi nusu saa na ushee pamoja na kuifuata dukani. Tukawasha, taa hakuna. Nikamlipa elfu thelathini na tano na soda, tukafika Morogoro salama, tukala send-ofu, nikamuonesha mjomba dashibodi kwa kiburi. Mjomba akauliza swali moja tu, wakati anabadilisha sensa, gari ilikuwa imezimwa muda gani? Nikasema kama dakika arobaini. Akasema mmh.

Ile mmh sikuielewa mpaka nilipofika Kibaha wakati wa kurudi, pale Maili Moja kwenye foleni, kabirika kakarudi.

Ngoja niwaambie hii sensa ni nini maana imechukua hela za watu wengi. Kwenye magari kama haya wala sio sensa ya kupima, ni swichi, kama ya ukutani. Ina waya mmoja tu, na mwili wake umeungwa kwenye bloku. Presha ikiwepo inasukuma kiwambo ndani, mguso unaachana, taa inazima. Presha ikishuka chini ya psi chache, psi ndo kipimo cha presha, kwenye magari mengi madogo ni kama 4 mpaka 7 hivi, mguso unaungana, taa inawaka. Basi. Haijui ishirini, haijui hamsini, inajua ipo au haipo. Ndo maana ukiweka funguo kwenye ON kabla hujawasha injini ile taa lazima iwake, kwa sababu presha ni sifuri, na ukiwasha izime ndani ya sekunde mbili tatu. Ukienda kununua gari kwa mtu angalia hilo kabla hujaangalia rimu. Kama kwenye ON kabirika hakaonekani kabisa basi ama balbu imekufa ama kuna mtu kachomoa ule waya ili usione, na huyo mtu alikuwa na sababu.

Na swichi kweli inakufa, sibishi, zinavuja, waya unachubuka ukagusa bodi taa ikawaka bila kosa. Ila kuna kipimo cha bure cha dakika moja ambacho fundi wa Chalinze hakukifanya na mimi sikukijua: weka ON bila kuwasha injini, taa inawaka, chomoa ule waya kwenye swichi. Taa ikizima, waya wako mzima na taa ilikuwa inaisikiliza swichi. Taa ikiendelea kuwaka wakati waya umening'inia haujagusa kitu, waya umechubuka mahali, tafuta huko na usinunue kitu. Hiki kipimo hakikuambii kama swichi inasema kweli, kinakuambia tu kama waya unadanganya. Kujua kama swichi inasema kweli kuna njia moja, geji.

Lakini sikwenda kwenye geji. Nilienda kwa fundi wa pili.

Huyu ni wa hapa hapa Tabata, mtu mzima, simlaumu sana. Alisikiliza akasema injini imechoka, oili unayotumia nyepesi, hii 5W-30 ni ya gari mpya, sisi huku joto, weka 20W-50 taa hutaiona tena. Na maneno yake sio upuuzi mtupu, ukweli ni kwamba oili nzito inapita kwa shida kwenye nafasi zilizopanuka kwa hiyo presha inapanda, na kuna injini za zamani zilizochoka zinaishi hivo miaka. Ila hapo anakuwa ametibu taa, gari bado. Na kwa upande wangu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu baada ya kumwaga ile nyepesi na kuweka nzito taa ilianza kuwaka mapema. Zamani ilitaka saa nzima ya barabara, sa hivi Tabata mpaka Ubungo tu, na asubuhi nikiwasha ilikawia kuzima, sekunde tano, sita, mpaka moyo unasimama.

Mjomba nilipomwambia hivo alicheka kwenye simu, sio cheko la dharau, lile cheko la mtu aliyeokota funguo yake. Akasema ungeniambia imepungua kuwaka ningehuzunika. Nakuja Jumatano, nina kliniki ya macho, usiiendeshe, panda daladala, na usiruhusu mtu aweke dizeli humo ndani.

Alijuaje kuhusu dizeli sijui, maana jirani alikuwa ameshanishauri kabisa, weka lita moja ya dizeli kwenye oili, iache silensi, yani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, dakika kumi, mwaga, injini inang'aa. Watu wengi wanafanya. Shida yake ni kwamba kama ndani kuna tope la miaka, dizeli inalibandua lote kwa mpigo na linaelekea sehemu moja tu, kwenye wavu wa strena, halafu hizo dakika kumi metali zinazunguka kwenye oili nyepesi kama chai ya msibani.

Jumatano akaja. Kwenye begi la nguo, katikati ya kanzu na kuku wawili waliochinjwa, kuna geji yake ya zamani imefungwa kwenye fulana, ina mpira mrefu na kichwa cha kufunga pale inapokaa swichi. Hizi geji Gerezani Kariakoo zipo, zinakuja kwenye kiboksi na vichwa vya nyuzi tofauti tofauti, na gereji inayojielewa inakuwa nayo, wewe uliza tu mna geji ya presha ya oili, wakianza kukueleza uzoefu wao ondoka.

Tukafungulia nje ya geti. Fundi niliyemuita safari hii ni kijana mmoja mpole ambaye kosa lake lilikuwa kuja na sigara, mjomba akamtuma aizime kwanza. Soketi ndefu namba 24, swichi ikatoka, geji ikaingia, mjomba akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tatizo, asubuhi hospitali walimuwekea matone machoni, haoni mshale. Kwa hiyo mimi nikawa nasoma kwa sauti, yeye anasikiliza huku kafumba macho kama anasikiliza mpira redioni, na fundi yuko ndani anashika resi. Waya wa swichi tukauacha unaning'inia, na ile swichi mpya mjomba akaijaribu pembeni kwa pampu ya baiskeli na kitesta, ikawa inakata vizuri tu ikifika kwenye tano. Yani sensa ya Chalinze ilikuwa nzima, na ya kwanza iliyotupwa kule nayo bila shaka ilikuwa nzima.

Kitu cha kwanza ukipima, injini iwe ya moto kabisa. Oili ya baridi inadanganya, hata injini mbovu inaonesha presha nzuri asubuhi. Tukaiacha ichemke mpaka feni imewaka na kuzima mara mbili. Silensi ikasoma 13. Mjomba akasema sawa, hiyo inaishi. Resi 3000, yani injini inazunguka mara 3000 kwa dakika, ikapanda 46. Akasema sawa, nzuri, ishikilie hapo hapo, soma kila dakika.

46. 46. 44. 41. Fundi akachungulia dirishani anauliza bado? Mjomba akainua mkono, bado. 35. 29. Resi haijabadilika, joto halijabadilika, mshale unashuka wenyewe taratibu kama jua. 22. 17. Na hapa naomba msikie vizuri, kwa zile psi 17 kwenye resi 3000 ile taa ingekuwa imezima kimyaa, wewe unaendesha unaimba, wakati vitabu vya injini za aina hii kwenye resi hiyo vinataka uwe na zaidi ya ishirini na kitu. Ilipofika 12 mjomba akasema zima.

Tukanywa chai. Robo saa, bonnet wazi, oili bado ya moto, unaweka mkono karibu na bloku unaurudisha. Tukawasha, resi 3000.

45.

Mjomba akafumbua macho. Akasema umeona? Metali zilizokwisha hazipumziki zikapona. Kama nafasi zimepanuka zimepanuka, ungeona presha mbaya kwenye silensi muda wote injini ikiwa ya moto na kwenye resi inakuwa afadhali, na ukisubiri robo saa inarudi mbaya vile vile. Kama ni valvu ya kupunguza presha imekwama wazi ungeona ndogo tangu mwanzo. Filta ikiziba ina valvu yake ya kupitisha oili pembeni, injini inakunywa oili chafu ila inakunywa. Hii yako inaanza vizuri, inavyovuta ndo inakosa, ikiacha kuvuta inapata tena. Ushawahi kunywa juisi ya ukwaju kwa mrija? Nyama ya ukwaju inakuja inaziba mrija, unavuta mpaka mashavu yanaingia ndani, ukiacha kuvuta inadondoka. Ukiivuta tena unapata mafunda mawili matatu kabla haijarudi. Na mimi nikamalizia mwenyewe, kwa hiyo na ile oili nzito ilikuwa kama kunywa uji kwa mrija huo huo ulioziba. Akasema sasa umekuwa fundi, mwambie huyu kijana afungue sampo.

Kule Chalinze, zile dakika arobaini za kubadilisha sensa, uchafu ulidondoka wenyewe kutoka kwenye wavu. Gari ilipumzika, fundi akapata sifa na mimi nikapata risiti.

Oili ikamwagwa kwenye beseni safi, mjomba akapitisha sumaku humo kama anakoroga uji, haikushika kitu cha maana. Filta ikakatwa kwa mkasi wa bati, sio msumeno, msumeno utakujazia chenga zake mwenyewe halafu upate presha ya kwako bure. Karatasi ya filta ikatandazwa juani tuangalie kama kuna kung'aa. Hakuna. Hapo ndo nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Vigwaza, metali zimesalimika.

Halafu sampo. Ile ya chini kwenye 1NZ ni kibati kidogo, boliti za namba 10 kuzunguka, na haina gasketi ya karatasi, imegandishwa kwa silikoni. Fundi akaigonga gonga kwa kisu chembamba ikaachia. Akaichungulia, akanyamaza, akaniita dada njoo uone.

Wavu wa strena ulikuwa umefunikwa na vipande vyekundu. Vyembamba, virefu, vimejikunja, kama mtu kakatia pilipili hoho humo ndani. Vingine vimelala chini ya sampo kama kumi na tano hivi vinasubiri zamu. Silikoni. Nyekundu. Na kuzunguka ukingo wa sampo kwa ndani kuna mkia mnene wa silikoni hiyo hiyo umejikamua, sehemu nyingine umeshakatika.

Mjomba akauliza nani alifunga hii.

Mwaka jana sampo ilikuwa inavuja matone, inachafua tailizi za mwenye nyumba, nikapeleka gereji moja hivi, ikafunguliwa ikafungwa upya. Nilikuwa nimeanza kabisa kutengeneza sentensi ya kumlaani yule fundi. Halafu nikakumbuka. Nilikuwa nimesimama pale pale juu ya kichwa chake, na yeye alipaka uzi mwembamba mmoja tu kuzunguka, akawa anataka kufunga, na mimi nikamwambia ongeza bwana, weka nyingi, sitaki ivuje tena. Akasema dada inatosha. Nikasema mimi ndo nalipa. Akatoa tyubu akakamua upya, akaweka nyingi.

Haikuvuja tena kweli.

Sikumwambia mjomba siku ile. Atasoma hapa kama binamu atamsomea, shikamoo mjomba.

Basi, kurekebisha kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Strena ikafunguliwa ikaoshwa kwa petroli na brashi ya meno mpaka wavu ukaonekana kama chujio jipya la chai, gasketi yake ndogo ikabadilishwa, usiirudishe ya zamani, pale pakivuta hewa unarudi mwanzo kabisa. Kingo za sampo na za pale inapofungwa zikakwanguliwa silikoni yote, zikafutwa zikauka. Fundi akachomoa na kale kachujio kadogo ka valvu ya VVT-i nako kakakutwa na uzi mmoja mwekundu, kumbe na ule ulegevu wa gari kupanda kilima nilikuwa nausingizia AC. Silikoni mpya uzi wa milimita tatu hivi, umepita kwa ndani ya matundu ya boliti, sampo ikapandishwa ndani ya dakika chache kabla haijaanza kukauka, boliti zikabanwa kidogo kidogo kwa kupishana, halafu mjomba akakataza mtu yeyote kugusa oili mpaka jioni. Mimi nikataka kusema kitu kuhusu kiasi cha silikoni, nikajizuia.

Saa moja jioni tukaweka 5W-30 na filta mpya, tukapiga selfu kwanza bila kuwaka, fundi kachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, mpaka geji ikaonesha presha imefika, ndo tukarudisha fyuzi tukawasha. Imechemka, silensi 15. Resi 3000, 49. Mjomba akasema soma kila dakika. 49, 49, 48, 48, 48. Dakika ya kumi na mbili mama mwenye nyumba akatoka kuuliza hiyo kelele mpaka saa ngapi. 48.

Hesabu yangu kwa wanaopenda hesabu: sensa ambayo haikuwa na kosa elfu thelathini na tano, oili nzito na ufundi wake laki moja kasoro kidogo, na kazi yenyewe iliyotakiwa, yani gasketi, silikoni, filta, oili na fundi, laki moja na tisini. Geji na ushauri nililipa kwa nauli ya mjomba na miwani ya jua aliyoichagua mwenyewe Kariakoo, ghali kuliko yangu. Yule kijana wa sigara nimehifadhi namba yake.

Kuna aliyeniuliza jana kwenye status, je taa ikiwaka mara moja tu kwenye kona kali halafu ikazima? Hiyo anza na kijiti, mara nyingi oili imepungua na kwenye kona inakimbilia upande mmoja strena inavuta hewa. Ikikonyeza kwenye silensi tu gari ikiwa ya moto, pima kwa geji kabla hujakubali maneno ya mtu, inaweza kuwa oili imechoka au imechanganyika na petroli, inusie kijiti, au metali ndo zinaaga. Ikiwaka na unasikia kugonga, hapo usiwashe tena hata kwa kujaribu, hata kama mtu anakuambia wewe washa nisikie.

Juzi nimeenda Morogoro na kurudi, malori yale yale, nimeyapita ninavyotaka. Nimebaki na galoni ya 20W-50 ambayo haijaguswa, niliinunua kama akiba kwa jinsi nilivyomuamini yule fundi, ipo nyuma ya mlango wa jikoni. Shemeji kaiona, kasema pikipiki yake ya boksa inatumia hiyo hiyo, naomba nikupunguzie. Nimemwambia achukue, ila galoni anirudishie, la kuwekea maji.